Tunda la Pembeni mwa Sahani: Wali, Samaki na Embe kutoka Pwani hadi Kilosa

Mwezi wa kumi na mbili niliteremka Mikumi saa saba mchana. Basi lililonileta kutoka Dar es Salaam lilikuwa linaendelea Iringa, mimi nilikuwa nasubiri gari la kwenda Kilosa, na gari la Kilosa, kama unavyojua, haliondoki mpaka lijae. Nikaingia kwenye kibanda cha mama lishe kando ya barabara. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga aliyerudishwa kwenye mchuzi, maharage kidogo, mchicha. Karibu yangu alikuwa amekaa dereva wa lori, mtu mzima, mzigo wake unakwenda Zambia. Alipoletewa sahani yake aliitazama, akaizungusha kidogo, akasema:

“Mama, tunda langu liko wapi?”

“Tikiti limeisha baba, samahani. Walikuja watu wengi asubuhi.”

“Sasa hii ni sahani gani? Basi nipunguzie hela.”

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mama lishe naye hakubishana, alimwita mtoto, akampa sarafu, mtoto akavuka barabara mbio hadi kwa akina mama wenye mabeseni ya maembe, akarudi na embe dodo moja. Likaoshwa, likakatwa, mashavu mawili yakawekwa pembeni mwa wali wa yule dereva. Kipande kilichobaki nikapewa mimi, bila kuomba. Mambo yakaisha, watu wakaendelea kula.

Ukweli ni kwamba kile kipande nimekila maisha yangu yote. Kipande cha tikiti, cha papai, nusu ya ndizi, pete ya nanasi. Kipo kwenye sahani ya pilau ya harusini, kipo kwenye wali samaki wa kibandani, kipo kwenye futari. Sikuwahi kujiuliza kimefikaje hapo, na kwa nini kikikosekana mtu mzima anahisi ameibiwa. Tangu siku ile nimekuwa nikikifuatilia. Kimenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, halafu kikanirudisha nyumbani kwa bibi yangu Kilosa, mahali nilipopaswa kuanzia.

Mogadishu, 1331

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tangier huko Moroko, alitia nanga Mogadishu. Alipokelewa kama mgeni msomi, akapewa malazi, na chakula kikaletwa kutoka kwa sultani. Alikieleza chakula kile kwa makini ya mtu aliyekila kwa siku kadhaa na kukifurahia.

Wali ulipikwa kwa samli, ukapakuliwa kwenye sinia kubwa la mti. Juu yake ukawekwa mchuzi wenye kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni zikaja sahani nyingine: ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, mtindi, malimau ya achari, pilipili zilizotiwa chumvi na siki, tangawizi mbichi, na maembe. Akaona ni lazima awaeleze wasomaji wake embe ni nini, kwa sababu kwao Moroko halikujulikana: ni kama tofaa lakini lina kokwa, likiiva ni tamu sana na huliwa kama tunda, likiwa bichi ni kali kama limau na hutiwa siki. Akaeleza na namna ya kula. Mtu akishameza tonge la wali, hufuatisha kidogo katika vile vitu vya chumvi na uchachu. Tonge, uchachu, tonge, uchachu. Akashangaa pia kwamba mtu mmoja wa mji ule anakula chakula ambacho kwao kingetosha kundi la watu.

Kutoka hapo alishuka hadi Mombasa. Huko alikuta watu wanakula zaidi ndizi na samaki, na nafaka wakiipata kutoka bara. Aliona malimau, na aliona tunda dogo lenye kokwa alilolifananisha na zeituni, ila lenyewe ni tamu sana. Jina alilolitaja ni lile ambalo Wahindi hadi leo wanaliita zambarau. Kisha akaendelea Kilwa.

Angalia basi kilichokuwepo tayari karibu miaka 700 iliyopita: wali wenye mafuta, samaki juu yake, tunda kando yake. Wala wali haukuwa mgeni wa juzi. Wanaakiolojia waliochimba Chwaka kisiwani Pemba wamekuta kwamba kufikia karne ya 11 mpunga ulishakuwa chakula kikubwa pale. Mpunga huo asili yake ni Asia, na embe pia asili yake ni Asia, vyote vililetwa na bahari ileile na upepo uleule wa kaskazi. Papai na nanasi hakuviona Ibn Battuta, na asingeweza kuviona, kwa sababu ni matunda ya Amerika na yalivuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania. Tikiti maji ndilo letu: lilianza kulimwa kaskazini mashariki mwa Afrika, na Wamisri wa kale walilijua. Kwa hiyo sahani ya mama lishe wa Mikumi ina Asia, ina Amerika na ina Afrika, na hakuna anayeshangaa.

Lakini hayo yote ni ya pwani. Mikumi iko karibu kilomita 300 kutoka Dar es Salaam. Kilosa iko nyuma ya uwanda wa Mkata, chini ya milima ya Usagara. Samaki wa baharini na embe walipandaje mpaka huku? Jibu la haraka, ambalo mimi mwenyewe nimewahi kulisema mbele za watu nikajiona mjuzi, ni kwamba walikuja na Waarabu. Jibu hilo lina kasoro, nami nilikosolewa nalo nyumbani. Nitafika huko.

Njia ya Bagamoyo

Karne ya 19 njia kuu ya kati ilianzia Bagamoyo, ikapita Uzaramo na Ukami, ikavuka uwanda wa Mkata, ikapanda Usagara, ikaenda Mpwapwa, Ugogo, Unyanyembe, mpaka Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipanda kwa njia za huku mwaka 1857. Stanley alipita 1871 akimtafuta Livingstone, na uwanda wa Mkata, ule ambao leo sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa 1964, ulikaribia kummaliza. Ilikuwa masika. Matope, maji ya kiunoni, punda wanakufa, watu wanaugua. Walipotoka kwenye tope lile ndipo wakashika bonde la mto Mkondoa, mto uleule ambao mpaka leo ukifurika Kilosa inalala macho.

Vitabu vinamsema Stanley. Waliobeba mizigo ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kwa miaka ya mwisho ya karne hiyo walikuwa makumi ya maelfu kila mwaka kwenye njia hii. Meno ya tembo yalishuka, nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda. Na watu walishuka wakiwa wamefungwa.

Mpagazi alipewa posho, kipimo cha nafaka kwa siku, au kitambaa cha kununulia nafaka vijijini. Mtama zaidi kuliko mchele. Ila ugali unahitaji kitoweo, na kitoweo cha msafiri lazima kiwe chepesi, kisioze, na kidogo chake kikolee chungu kizima. Samaki mkavu anatimiza yote hayo. Pwani walikuwa nao wa kutosha: mbali na wale waliokaushwa hapahapa, majahazi ya kaskazi yalileta Unguja papa na nguru wa chumvi kutoka Shihr na Oman. Papa wa chumvi ananuka, hilo hakuna wa kulikataa, lakini kipande cha ukubwa wa kiganja kinalisha watu sita. Ndiyo maana mpaka leo katika masoko ya bara utamkuta amelala juu ya gunia kando ya dagaa, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Embe lilitembea kwa namna nyingine. Ukifuata njia ya zamani unakutana na miembe mikubwa, kuanzia Bagamoyo, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda barabara nzima ya miembe mwaka 1871, hadi Ujiji. Wazee wanasema miembe hii inaonyesha misafara ilipopumzika. Mingine ilipandwa kwa makusudi na wafanyabiashara waliojenga vituo, mingine, wanasema, ni kokwa zilizotupwa na waliokuwa wakipita. Mamboya, milimani kaskazini mwa Kilosa, ni mojawapo ya vituo vya njia hiyo ambavyo Tanzania imeviorodhesha UNESCO vikisubiri kufikiriwa kuwa urithi wa dunia. Na wamisionari walewale wa Bagamoyo katika miaka ya 1880 walifika Ilonga, jirani na Kilosa.

Jambo moja kuhusu kokwa ya embe: haihitaji bwana. Mtu yeyote anaweza kuitupa, huru au mtumwa, na baada ya miaka kuna kivuli. Mpunga hauko hivyo. Mpunga unataka bonde, maji, kupalilia, kufukuza ndege, kuvuna kwa kuinama. Mabonde ya Mkondoa na Wami yako Usagara. Kufuata tu nani aliyeinama katika mabonde hayo kunatosha kukuonyesha kwamba chakula hiki hakikuja kikiwa kimeshapikwa kutoka pwani.

Reli ikafika

Usagara hii ndiyo Karl Peters aliijia mwishoni mwa 1884 na karatasi zake za mikataba, na Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akatia muhuri. Miaka 20 baadaye, 1905, reli ilianza kujengwa Dar es Salaam. Desemba 1907 ilikuwa Morogoro, 1912 ilikuwa Tabora, 1914 ikafika Kigoma. Katikati hapo ikapita Kilosa, ikafuata bonde la Mkondoa kama misafara ilivyolifuata. Umbali ambao mpagazi aliutembea kwa wiki kadhaa ukawa wa siku moja.

Kilosa ikawa mji wa stesheni na mashamba. Katani ikapandwa Kimamba na kwingineko, watu wakaja kufanya kazi kutoka kila upande, Wahindi wakafungua maduka. Kwenye maduka hayo ndipo vilipokutana vyote: mchele kwa kilo, samli kwa kopo, bizari, hiliki na mdalasini kwa vijiko, papa mkavu akining'inia nyuma. Kitu kilichokuwa cha meza ya mwenye mali kikaanza kununuliwa kwa senti na mtu wa mshahara, siku ya sikukuu angalau. Baadaye, miaka ya 1960, tawi la reli lilitoka Kilosa, likapita Mikumi na kuishia Kidatu, kwenye miwa ya Kilombero. Barabara ya Zambia nayo ikaifanya Mikumi kuwa mahali pa kusimama na kula. Wapagazi wakawa madereva wa malori. Njaa yao ni ileile.

“Wao walikuwa wanakula”

Sasa turudi kwenye kasoro yangu. Nilipofika Kilosa siku ile nilimsimulia bibi habari ya dereva na tunda lake, nikaongeza kwa kujiamini kwamba hii ni desturi ya Kiarabu iliyokuja na misafara, sisi tukaiga. Bibi yangu mzaa mama ana zaidi ya miaka 80. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho.

“Nani kakwambia?”

“Imeandikwa, bibi.”

“Wao walikuwa wanakula, mwanangu. Sisi tulikuwa tunapika. Sasa anayejua chakula ni nani?”

Halafu akasema jambo ambalo katika miaka yangu yote sikuwahi kulisikia likisemwa wazi kwetu. Bibi yake yeye hakuzaliwa Kilosa. “Aliletwa,” alisema, na akaliacha neno hapo. Kwa kwetu mtu aliyehama husemwa “alikuja”. “Aliletwa” ni neno jingine. Alikuwa msichana mdogo, msafara ulikuwa unashuka, akabaki hapa katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja, akawekwa jikoni. Serikali ya Kijerumani haikufuta utumwa, iliubana polepole tu. Sheria iliyoufuta kabisa Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Kwa hesabu ya bibi, bibi yake alikuwa mtu mzima mwenye watoto wakati huo, na alikuwa bado anapika katika nyumba ileile, sasa kwa ujira mdogo.

Wali wa nazi na papa ulitoka jikoni hapo. Siku za wageni ulipelekwa barazani kwenye sinia, na kilichorudi ndicho walichokula walio jikoni: ukoko, mchuzi wa chini, vichwa na mifupa. “Tunda je?” nikauliza. Bibi akacheka. Tunda lilikuwa uani, kwenye mwembe, na mwembe haukuwa na mlinzi. Barazani walikula embe lililomenywa likapangwa kwenye sahani. Jikoni walikula embe lilelile kwa kulinyonya, wamekaa kwenye vinu vilivyolazwa. Katika mlo ule wote, tunda peke yake ndilo lililofika pande zote mbili likiwa zima.

Ndiyo maana, anasema bibi, mama yake hakumruhusu mtu kuondoka mkekani kabla ya kula tunda. Mtu akila wali wa papa asile tunda, ameacha deni.

Mimi niliyesoma vitabu nilikuwa nimewapa walaji sifa ya wapishi. Sikatai kwamba wali, viungo na papa wa chumvi vina historia ya Uarabuni, Uajemi na India. Ibn Battuta ni shahidi wa kutosha. Ninachosema ni kwamba desturi haipandi mlima yenyewe. Kuna mtu aliyekuna nazi, aliyejua tui la kwanza liingie lini, aliyeonja akaona chumvi imezidi na akatuma mtoto uani alete embe. Hapa Kilosa mtu huyo kwa kawaida alikuwa mwanamke, mara nyingi mtu wa bara, na mara nyingine aliletwa.

Jinsi inavyofanya kazi

Kesho yake bibi alinipikisha. Aliketi kwenye kigoda akatoa amri, mimi nikapiga magoti mbele ya mbuzi ya nazi.

Papa analowekwa usiku kucha, maji yanabadilishwa mara mbili au tatu, la sivyo chumvi itakufukuza mezani. Asubuhi anachemshwa kidogo, anakwaruzwa ngozi, anachambuliwa. Nazi mbili zinakunwa na kukamuliwa kwa kifumbu. Tui zito linawekwa kando, tui jepesi linapikia. Mchuzi ni kitunguu, nyanya, bizari, pilipili, na embe bichi lililokatwa vipande, linaingia kabla ya tui zito. Bibi hakubali ndimu hapo. Ndimu, anasema, inakimbilia mbele, embe bichi linasubiri. Wali nao unapikwa kwa tui na chumvi kidogo sana, kwa sababu papa anayo ya kwake. Maji yakikauka unafunika, unapalia makaa juu ya mfuniko, unaondoka. “Usifunue funue. Wali si mtoto mgonjwa.”

Tulikula saa nane. Chakula ni kizito, hilo halifichiki. Tui ni mafuta, papa ana chumvi na harufu kali, wali unanyonya vyote viwili. Kwa matonge kumi ya kwanza ni raha tupu, baada ya hapo ulimi unaanza kuchoka. Bibi akasukuma sahani ya maembe sindano, madogo, yenye nyuzi, yaliyoiva yakabakiwa na ukali kidogo. Uchachu ulikata mafuta, maji ya tunda yakaosha chumvi, mdomo ukawa mpya. Hakukuwa na sukari ya kuongeza, hakukuwa na maziwa. Tamu nyingine nzito, tuseme kaimati au visheti, ingekuwa kulundika mzigo juu ya mzigo. Nazipenda sana, lakini zina wakati wake, na wakati wake ni kahawa.

Kuna na maelezo ya kitaalamu kwa anayeyataka. Papai bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, ndiyo maana wapishi hulitumia kulainisha nyama. Likiiva kimeng'enya hicho hupungua sana, kwa hiyo anayesema papai bivu linamsagia nyama tumboni anatia chumvi kidogo. Nanasi nalo lina chake. Lenye uhakika zaidi ni vitamini C: husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage. Yule dereva, na maharage yake na mchicha wake, alikuwa anadai kitu cha maana bila kukijua kwa jina.

Papa akikosekana

Kuna jambo linalonisumbua, na sitaki kulimaliza kwa maneno matamu. Papa huyu tuliyemla nilimnunua kwa bei iliyonifanya niulize mara mbili. Mwuzaji sokoni aliniambia siku hizi hawapatikani, wanaokuja ni wadogo. Si Kilosa tu. Mwaka 2021 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, ulitoa tathmini yake: zaidi ya theluthi moja ya spishi za papa na taa duniani ziko hatarini kutoweka, na sababu kubwa ni kuvuliwa kupita kiasi. Papa hukua polepole na huzaa wachache. Hawezi kuvuliwa kama dagaa.

Kwa hiyo mlo ambao kwetu ndio kumbukumbu ya mtu aliyeletwa akafia hapa huenda wajukuu zangu wasiupike. Au wakiupika, itakuwa ni kwa gharama ya kitu kinachoisha. Nilimwambia bibi. Nilitegemea aumie. Alinyamaza kidogo, akauliza, “Perege wa Mtera wapo?”

Wapo. Bwawa la Mtera liko kwenye mto Ruaha Mkuu, na perege wake, wabichi na wa kukaushwa, wanauzwa mpaka huku. Jioni hiyo hatukuwa na nafasi tena tumboni, lakini nimejaribu baadaye, mara mbili. Perege mkavu hana ule ukali wa papa. Mchuzi unataka embe bichi kidogo zaidi na tui pungufu. Mara ya kwanza niliharibu. Mara ya pili nilimpelekea bibi bakuli. Alionja, akaonja tena, akasema, “Si wenyewe. Ila utakula.” Kwa anayemjua bibi yangu, hiyo ni sifa.

Si wenyewe, ni kweli. Lakini ule wa Mogadishu wa 1331 nao haukuwa na nyanya, kwa sababu nyanya ilikuwa bado iko Amerika. Ule wa jikoni kwa mfanyabiashara haukuwa ule wa Mogadishu. Chakula hiki kimebadilika kila kilipofika kituo kipya, na kila mara kuna mtu jikoni aliyeamua nini kibaki. Mama wa bibi yangu aliamua kwamba tunda libaki, na hata mkekani alilitetea. Samaki anaweza kubadilika. Tunda nadhani nitalishikilia.

Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa, Dar es Salaam ni safari ya saa chache, na kijana wa leo ana samaki wa Feri karibu kuliko alivyokuwa nao mfanyabiashara yeyote wa zamani. Mimi bado napita Mikumi, kwa sababu ya malori na kwa sababu ya yule mama lishe. Mara ya mwisho nilipopita nilikuta ameandika bei kwa chaki ubaoni: wali samaki, wali maharage, ugali dagaa. Matunda hayakuandikwa, maana hayauzwi. Nilipoletewa sahani yangu kulikuwa na kipande cha papai pembeni. Nikamuuliza alijifunza wapi kuweka tunda.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango usiku.

“Kwa mama,” alisema. “Kwani wewe kwenu hamuweki?”

Nikamwambia tunaweka. Nikala wali, nikala samaki, nikamaliza na papai, nikalipa. Sikuacha deni.